Msimu Bora wa Masalu

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Lakini walipoamua kwamba mimi, kapteni wa timu ya mpira, ndiye niandike wasifu wa Masalu wa kusomwa kaburini, nilitamani kuukimbia mji wetu wa Kagongwa.

Masalu alikuwa mshambuliaji wetu. Juzi udongo ulimfunika ndani ya duara, shimo alimokuwa akichimba dhahabu, akatolewa maiti. Na pale msibani wanaume, kama kawaida yao, wakaanzisha ubishi: msimu wake bora ni upi?

"Mwaka wa kumi na tano! Mabao thelathini na moja!" alifoka Bujiku, kipa wetu wa zamani.

"Acha porojo. Kumi na nane, ile fainali. Mtu kafunga goti likiwa bovu!" mwingine akadakia.

Wengi wakashika kumi na nane. Nikawapinga kwa ukali mpaka wakanishangaa. Mwaka huo alifunga saba tu, mnahesabu nini nyie?

Juliana, mjane wake, akaniita nyuma ya nyumba.

"Shemeji, andika kumi na nane. Alikataa kukaa benchi, akajitoa kwa ajili yenu. Si uliniambia mwenyewe?"

Nilimwambia, ndiyo. Uongo mtupu! Siku ile ya fainali Masalu alikuwa analia, anasema goti limekufa, kapteni, niache. Nikamwita mwoga mbele ya wenzake, nikamleta mtu wa duka la dawa amchome ganzi. Akafunga, tukabeba kombe. Hakucheza tena. Akabaki na kuchimba, mguu anauburuta. Juzi udongo ulipoanza kumeguka wenzake walikimbia wakatoka. Yeye angekimbiaje?

Nikamweleza Juliana yote. Akaziba mdomo kwa khanga. Jamani, heri angenitukana.

"Wanangu wanajua baba yao alijitoa mwenyewe," akasema mwishowe. "Wamebakiwa na hilo tu. Uongo umeuanza wewe, umalize wewe. Soma hivyo hivyo."

Kesho yake nikasimama kaburini nikasoma: mwaka elfu mbili na kumi na nane, msimu wake bora, marehemu alikataa kukaa benchi. Sauti ikanikwama. Watu wakadhani ni uchungu wa rafiki, wakanipa pole. Hata Bujiku alilia, akakiri kwamba alikosea.

Tulipomaliza kufukia, binti mkubwa wa Masalu akanijia.

"Shikamoo, baba. Naomba hiyo karatasi niitunze."

Nikampa.