Kiboksi cha Ghorofa ya Tatu

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, ujumbe wa kampuni ya umeme uliingia kwenye kompyuta ya Wendell Ochs, fundi mkuu wa jengo moja la ofisi mjini Phoenix: joto nyuzi mia moja na kumi na sita za Farenhaiti, mji mzima unavuta umeme, punguzeni. Wendell akafanya alichofanya kila alasiri ya Julai. Alizima viyoyozi vya ghorofa ya tatu, akafungua soda.

Mpango wa kampuni ya umeme ulitaka kila ghorofa ichangie kidogo katika kupunguza. Lakini ya kumi na mbili ilikuwa ya mawakili, na wakili akitoka jasho huandika barua. Ya tatu ilikuwa ya wanawake arobaini wapokeao simu za bima, ambao kazi yao ni kulalamikiwa, si kulalamika. Basi ya tatu ikachangia kwa niaba ya wote, na jengo likasifiwa kwa utiifu.

Ili wasimsumbue, Wendell alikuwa amewafungia ukutani kiboksi cha kupandisha na kushusha ubaridi. Kilikuwa na vitufe, namba za kijani na betri mbili. Waya hakikuwa nao hata mmoja. Mafundi wa majengo mjini pale wote wanacho cha namna hiyo mahali fulani. Mtu akibonyeza, roho yake hupoa, na roho haili umeme.

Wiki ya pili ya kiboksi, Yesenia Archuleta, mmoja wa wanawake hao, mjamzito wa miezi saba, alibonyeza kushusha joto mpaka sitini na tano. Chini kwenye chumba cha mitambo Wendell akaanza kutetemeka. Akajipima joto la mwili: sitini na tano kamili. Kesho yake wakashusha hadi sitini, naye akashuka. Daktari alimshika mkono, akasema kwamba kitu kisichounganishwa popote hatimaye hujitafutia pa kujiunga, akamshauri avae koti.

Alivaa la theluji, akapanda ghorofa ya tatu.

"Ee, Mzee Wendell, unaenda kuwinda dubu?" Yesenia alimdaka. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu kavitupa chini ya meza. "Afadhali umekuja. Jana nimezimia simu ikiwa sikioni, na mteja kanipa nyota moja kati ya tano. Niambie ukweli. Hicho kidude kinafanya kazi, au mnatuchezea? Kama ni kiini macho sema, twende kwa wakubwa."

Wanawake arobaini walimtazama. Ukweli ulikuwa mfupi, ungetoka kwa pumzi moja.

"Kinafanya kazi, dada," alisema. "Ila huchelewa."

Akageuka aondoke. Yesenia akamshika mkono, akashtukia ulivyo baridi, akaupachika shingoni mwake.

"Jamani wee! Njooni mmguse huyu!"

Wakaja. Wakamwekea kiti katikati ya chumba, na baada ya nusu saa chumba kikapoa hata vioo vya madirisha vikashika ukungu. Simu zikaendelea kupokelewa.

Trudy Haskins, meneja wa jengo, alishuka kuangalia, akaridhika.

"Safi, Wendell. Utakaa hapa kila siku, saa kumi mpaka saa moja. Hamsini unaweza?"

"Sijui, bosi."

"Tutajaribu Alhamisi."

Kuwagawia mawakili sehemu yao ya joto kulihitaji kubonyeza mara mbili tu kwenye kompyuta. Wendell alilijua hilo kila alipopita kwenye kompyuta akielekea kitini. Huko juu makatibu waliendelea kuficha majiko madogo ya umeme ya kuota moto chini ya meza, kwa kuwa ofisi zao zilikuwa baridi mno.

Siku ya Alhamisi Yesenia alivuta kiti, akampandishia miguu yake magotini.

"Tumekusema vibaya bure, Mzee Wendell," alisema, macho kayafumba. "Tulidhani kidude cha uongo. Kumbe ulikuwa unakirekebisha."

Wendell alihisi uso wake ukitafuta damu ya kuonea aibu, usiipate.

"Usijali, dada," alisema, akafungua kifungo kingine cha koti ili ubaridi utoke.