Mstari wa Kaka

Kaka yangu alifika amevaa viatu vya mjini, anachungulia kila hatua asije akakanyaga mavi ya ng'ombe. Tangu tumzike baba hakuwahi kusogelea zizi. Leo amekuja kuligawa.

Tulikaa jikoni. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, anapepeta maharage. Mezani tulikuwa mimi, kaka na wakili, mwanamke mtaratibu anayezungukia familia za wafugaji kuwasaidia mambo ya mirathi kabla hawajatoana macho. Alitandaza ramani ya shamba.

"Marehemu hakuacha wosia," akasema. "Mama, wewe unaonaje?"

"Mama hana neno," nikajibu. Kaka akaitikia kwa kichwa. Hapo tu ndipo tulipoelewana.

Wakili alimtazama mama kidogo, kisha akatueleza anavyofanya: mmoja anachora mstari, mwenzake anachagua upande. Na atakayechukua nyumba, atabaki na mama ndani yake.

"Nachora mimi," kaka akadakia. "Mimi ndiye mkubwa."

Akashika penseli. Nyumba, ghala na bustani akaviweka upande mmoja. Upande wa pili akaweka kisima, birika la kunyweshea na malisho yote. Ama kweli huyu mtu ana roho mbaya. Alijua mimi ndiye ninayemwogesha mama na kumkata kucha, kwa hiyo nitakimbilia nyumba. Halafu ng'ombe wangu wanywe nini, umande? Kisima angekiuza kwa jirani kabla sijasuuza ndoo.

"Chagua, mdogo wangu," akasema, meno yote nje. "Usiwe na haraka."

Nilimchukia, sifichi. Ng'ombe wale nimewazalisha kwa mikono hii, yeye kazi yake ilikuwa kutuma salamu. Nikaweka kidole juu ya kisima.

"Huku."

Meno yakarudi ndani. "Na mama je?"

"Mama yuko upande wa nyumba. Si umechora mwenyewe?"

"Mimi siwezi kukaa naye. Mke wangu hatakubali."

"Mkuki kwa nguruwe, kaka. Sasa utamwogesha wewe."

"Mchukue bwana, wewe umeshamzoea."

"Simtaki. Nimechagua maji."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nafurahia jasho lililomtoka kaka, hata sikugundua kwamba ungo umenyamaza.

Mama alijiinua polepole akaja mezani. "Wakili, kwenye hiyo ramani mimi sina upande?"

"Unao, mama. Shamba mlichuma wote wawili. Hakuna mstari utakaopita bila wewe kukubali. Ndiyo maana nilikuuliza wewe kwanza."

"Wanangu wakanijibia," mama akasema.

Akaomba kifutio. Aliufuta mstari wote, wakili amemshikia karatasi.

"Rudi kwako, baba," akamwambia kaka. Kisha akanigeukia. "Na wewe kanyweshe ng'ombe, hawana kosa. Ila jioni usihangaike na mimi. Nitaoga mwenyewe."

Nilidhani ni hasira za kupita. Jioni nikachemsha maji kama kawaida, nikayapeleka. Mlango aliufunga kwa ndani. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikamsikia akijimwagia maji ya baridi, kisha kopo likaanguka, na mama akawa anapapasa sakafuni kulitafuta.