Njia ya Enoka Ukingoni

Asubuhi Enoka, mpeleka barua kwa miguu, alipokufa kwa kichomi pale Ndalambo, mkoba wa barua ulibaki umening'inia ukutani, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Kamsamba hawakupata barua. Baada ya matanga, mdogo wake Yonasi akateremka Kamsamba kuomba aubebe yeye. Hakutaka mkoba wa kaka yake ukae begani mwa mtu baki.

"Nakupa safari tatu za majaribio," akasema Nathanaeli, karani wa posta. "Ufike kabla ya alasiri. Na upite msituni! Nimepiga rula kwenye ramani. Kule ukingoni mwa bonde kaka yako alikuwa anazurura tu."

Ili asidanganywe, karani alikagua miguu. Njia ya msituni ilikuwa na udongo mweusi, ya ukingoni mwekundu.

Yonasi akapita msituni. Mti, mti, na mti mwingine ndugu yao. Akianza kukimbia, punde anajikuta anatembea, mara amekaa. Safari mbili akafika jua linazama.

Nesta, mjane wa Enoka, alimwona akirudi anajikokota. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Shemeji, unapeleka barua au unatafuta kuku aliyepotea?"

"Njia ni fupi, shemeji. Miguu ndiyo haitaki."

"Kaka yako alisema miguu nayo ina macho. Ukiifungia vichakani, inanuna. Ipeleke ukingoni ikaone bonde."

"Na lile vumbi jekundu?"

Nesta akaingia ndani, akatoka na donge la udongo mweusi wa kufinyangia vyungu. "Ukikaribia, teme mate, ujipake. Karani hataki ukweli, anataka rangi."

Safari ya tatu, bonde la Rukwa likafunguka chini yake, ukungu ukipanda taratibu. Kila kona ilimwonyesha kilima, na kila kilima kikamtia hamu ya kuona kilichojificha nyuma yake. Mahali fulani visigino vya Enoka vilikuwa vimechimba njia. Yonasi akaweka wayo wake humo, ukaenea. Akafuta macho, akaongeza mbio.

Alifika jua likiwa utosini. Karani akainama, akatazama miguu, akachekelea.

"Unaona? Rula haidanganyi!"

"Haidanganyi hata kidogo, bwana karani," akajibu Yonasi, akikunja kidole alichosahau kukipaka.

Kila Jumanne alfajiri Yonasi huondoka Ndalambo na mkoba, na barua hufika Kamsamba kabla ya alasiri.