Suruali Mlangoni pa Pango

Maporomoko ya maji yaliwalowesha chapachapa. Adalbert akaanika suruali mlangoni pa pango walimoishi watu wa kale, akacheza rumba akiwa na chupi tu. Fabiola, mkewe, hakuwa na mbavu.

Mara wakasikia kwaya. Akina mama wa parokia yao ya Bagira walikuwa wakipanda kutalii, na aliyetangulia alikuwa mama yake Fabiola. Mkwe kuonekana hivyo na mama mkwe! Adalbert akajitosa pangoni.

Mama akaitazama ile suruali.

"Fabiola, batu ba zamani balikuwa banavaa patalo?"

"Balikuwa banavaa, maman."

Pango likapiga chafya.

Mama akageuza uso, akavua kitenge chake cha mabegani. "Ubape hii bajifunike. Baridi isibauwe mara ya pili."