Mrija Bila Nta

Wifi hata awe malaika, bado ni wifi. Hivyo ndivyo Bi Nta alivyozoea kusema, ila kwa sauti ya chini, maana wifi mwenyewe walikuwa wakifanya kazi naye chumba kimoja.

Jina la Bi Nta alipewa na wenzake wa maabara, na alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyeandaa sampuli za hadubini ya eksirei. Awe mdudu au iwe mbegu, sampuli huloweshwa kwenye iodini mpaka ishike rangi, ikatiwa kwenye mrija mwembamba wa plastiki wenye spiriti, kisha kifuniko kikazungushiwa nta laini. Bila nta spiriti huruka, kiumbe hukauka na kujikunja, na hakuna dawa ya kukirudisha. Mashine hukizungusha polepole kutwa nzima, ikikipiga maelfu ya picha, na kompyuta huziunganisha mpaka unaona tumbo la siafu bila kumpasua. Picha zilitoka, zikasifiwa, zikaandikwa majina ya wakubwa. La Bi Nta halikuandikwa hata kwa penseli.

Ndipo akaja wifi, mke wa mdogo wake wa kiume, na shahada mbili mkononi. Mwaka haujaisha, akakabidhiwa ufunguo wa mashine. Bi Nta alimeza. Kilichomkwama kooni ni mama yake mzazi, ambaye siku hizi akipata hata mafua humpigia simu mkwe. "Mkwe wangu ana mkono mwepesi," husema bibi huyo, mbele ya binti aliyemwogesha na kumlisha miaka yote. Akisifia chai ya mkwe, Bi Nta huondoka mezani akisingizia kichwa.

Sasa Profesa, mkuu wa maabara, alitaka picha moja kubwa ya kutundikwa ukumbi wa kuingilia, na chini yake jina la aliyeandaa sampuli. Sampuli ya wifi ilikuwa jicho la nyuki. Bi Nta alikuwa na kinyonga ambaye hajazaliwa, aliyemtoa kwenye yai moja lililofukuliwa na mtunza bustani, ulimi umekunjwa tayari mdomoni. Alimlowesha siku kumi na mbili, akimwangalia kila asubuhi kama mtoto wa njiti. Siku ya mashine ilibaki moja tu kabla ya picha kupelekwa kuchapwa. Na ubaoni, kwa kalamu ya bluu, iliandikwa: NYUKI.

Bi Nta aliingia saa tatu asubuhi, siku hiyo bila hata kupita kumwangalia kinyonga wake, akamkuta wifi amebana simu kwa bega huku akivaa viatu vya kutokea.

"Wifi yangu, naomba unishikie mashine," wifi alisema. "Imeshaanza kuzunguka. Mama kapiga, anataka nimpeleke kliniki ya macho sasa hivi."

"Mama kakupigia wewe?"

"Amesema hataki kukusumbua kazini." Wifi akacheka, akafungua mlango. "Jioni nina neno na wewe. Zuri!"

Neno gani hilo zuri, Bi Nta alijiuliza, la kunionyesha jina lake ukutani? Alikaa. Kamera ndogo ndani ya kabati la mashine ilionyesha mrija ukizunguka, na ndani yake kitu cha kahawia kisicho na umbo, kama maharage kwenye mchuzi. Akasogea karibu. Kifuniko kilikuwa kitupu. Hakikuwa na nta.

Kusimamisha mashine, kuziba na kuanza upya ni dakika tano. Mkono wake ulishafika kwenye kitufe. Halafu akaukumbuka ule mkono mwepesi, na wake akaurudisha mapajani.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alijisemea.

Kompyuta ilikuwa ikionyesha vivuli vya kila picha, na angetazama mara moja tu angejua anachokiona. Hakutaka. Aligeuza kiti, akakipa kioo mgongo, akasafisha mirija kutwa nzima, na moyoni alikuwa na raha. Tusimpambe: alikuwa na raha, na saa nane aliimba.

Saa kumi wifi alirudi, kabeba keki ndogo kwenye boksi.

"Mama hajambo, anakusalimu. Haya, fumba macho wifi."

"Nifumbe macho ya nini?"

"We fumba tu. Nilimwomba Profesa nafasi iwe yako. Nyuki wapo wengi, kinyonga ni mmoja. Jina lako nimeshampa mchapaji. Nilitaka nikushtukize."

Bi Nta hakufumba. Wifi alibonyeza, picha ikapanda kwenye kioo: mkia wa kinyonga umejirudia mara mbili, mara tatu, mbavu zimeingiliana, na kichwani, mahali pa ulimi, ukungu. Wifi alikimbilia kabati, akalifungua, akatoa mrija. Spiriti ilikuwa imekwisha. Kinyonga alikuwa amekauka, amebana chini kama kokwa.

"Nta!" wifi alilia. "Simu iliita nikiwa naziba, nikasahau. Mimi mjinga, mimi! Siku kumi na mbili zako, wifi. Nisamehe. Nipige hata kofi."

Akamwangukia begani. Machozi yalikuwa ya kweli, yalilowesha shingo. Bi Nta angeweza kunyamaza tena, akaombwa radhi mpaka kesho, na mama akamsikia mkwe wake akijilaumu. Alijaribu hata kufungua mdomo aseme bahati mbaya. Lakini alikuwa ameshamtazama kinyonga wake mkononi mwa yule mwanamke, na neno hilo likakataa kutoka.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Kifuniko. Saa tatu, ulipotoka tu. Niliona hakina nta."

Wifi aliinua kichwa. Akajifuta uso kwa kiganja, taratibu, na kurudi nyuma hatua moja.

"Ukakaa hapa kutwa nzima?"

Bi Nta aliitikia kwa kichwa.

"Ulidhani sampuli ni ya nani?"

Bi Nta alitazama ubao. NYUKI ilikuwa bado pale, kwa kalamu ya bluu. Juu ya meza simu ya wifi ilianza kuita, ikiandika MAMA, na hakuna aliyeipokea.