Mkanda Ndani ya Ulezi

Kristiana alipofikisha miaka arobaini na mitatu, na watoto wanne, na matuta ya mahindi yasiyo na idadi, aliamua kujifunza kucheza ngoma ya tumbo. Wapo wanawake ambao umri huo huwapeleka kwaya. Yeye kwaya alishafika, wakamweka safu ya nyuma kabisa, wakamwomba aimbe moyoni.

Mwalimu wake alikuwa Stumai, mwanamke wa Kipili, kando ya ziwa, aliyefanya kazi za ndani miaka sita huko Maskati, akarudi na vitu viwili: maumivu ya magoti na ngoma ile ya Waarabu. Siku hizi aliuza dagaa mjini, mtaa wa Majengo. Kila Alhamisi saa nane mchana alifunga kibanda chake cha mbao, akamfundisha Kristiana chumba cha nyuma, katikati ya magunia yanayonuka ziwa.

"Legeza magoti, Mama Timoth. Umesimama kama nguzo ya umeme."

"Ndivyo nilivyozoea."

"Umezoea jembe. Kiuno chako kimelala kwenye tuta, mimi ndiye ninayekiamsha. Haya, mabega yatulie. Fikiria una ndoo ya maji kichwani."

Hapo Kristiana alifaulu, maana ndoo alizijua tangu ana meno ya utoto. Juu alitulia kama sanamu ya kanisani. Chini alizungusha nyonga akachora umbo la nane, ingawa nane yake ilikuwa na kilema upande mmoja. Kilichomshinda ni wimbi. Stumai alikuwa akifunua tumbo, anasimama kimya, na nyama inaanza kupanda chini ya kifua, inateremka taratibu mpaka kitovuni, inapotea, na hakuna kingine mwilini kilichotikisika. Siku ya kwanza kuliona, Kristiana alifanya ishara ya msalaba.

"Ni pumzi tu, dada," Stumai akacheka. "Usilisukume. Liache lije lenyewe."

Wiki ya tano lilikuwa halijaja. Stumai akamwazima mkanda wake: kitambaa chekundu kilichoshonewa vipande vya bati vya duara, safu tatu, vinavyolia nyonga ikitikisika. "Kafanyie mazoezi nyumbani. Ukikosea, mkanda utakuambia."

Kosa likawa hilo.

Kijijini kwa Kristiana, nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, njuga hazilii ovyo. Huvaliwa mguuni na mganga, na mganga hucheza uwanjani watu wakimwona. Njuga zinazolia mchana, ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, wengine wote wakiwa shambani, hizo watu hawaziulizi habari, wanazihesabu tu kuwa za mchawi. Kristiana aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini kwake huo ulikuwa mkanda wa kuchezea, na hakukumbuka kwamba kuta zina masikio lakini hazina macho.

Jirani yake Justa alisikia mlio Jumatatu, mlango ukiwa umefungwa. Jumanne akamwita Margareth naye asikie. Jumatano mvua ikaja na upepo wake, radi ikapiga zizi la Flavian, ng'ombe watatu wakalala miguu juu. Alhamisi hakuna aliyeitikia salamu ya Kristiana kisimani.

Jumamosi asubuhi kamchape wakaingia.

Hao ni watu wa kufukua uchawi. Hupita nyumba kwa nyumba na kioo chao, wanachimba, wanatoa pembe na vibuyu, na anayekutwa navyo, akiwa na bahati, huondoka na nguo alizovaa. Sheria inawakataza. Mwenyekiti wa kijiji angewazuia, ila alikuwa amesafiri, kama asafirivyo kila jambo linapokuwa kubwa. Kiongozi wao aliitwa Abel, kijana wa sauti ya upole na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Wazee wa kumzaa walikuwa wakimwamkia shikamoo.

Kristiana aliposikia miguu ya watu wengi ikikaribia, alifukia mkanda ndani ya mtungi wa ulezi. Mumewe Basil alikuwa ameshuka Kasanga kununua samaki. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake, bibi Mariana, aliyekaa uani juu ya kinu kilicholazwa, akiota jua.

Abel hakupoteza muda kwenye pembe za nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akautoa uani, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Mkanda ukatoka ukilia, ulezi ukimwagika chini.

"Ndizo!" Justa akapiga kelele. "Ndizo njuga zenyewe!"

"Mama, hii ni nini?" Abel akauliza kwa adabu.

"Mkanda wa kuchezea."

"Ngoma gani?"

"Ya tumbo."

"Nani kakupa?"

Kristiana angeweza kulitaja jina, mambo yakamwondokea. Lakini Stumai ni mtu wa ziwani, hana ukoo huku juu wa kumlilia, na kibanda cha mbao huwaka upesi kuliko nyumba ya tofali. Hakulitaja. Mbele ya watu alisimama shemeji yake Evaristi, ameshika kiberiti. Evaristi havuti sigara.

"Basi cheza, tuone kama ni ngoma," Abel akasema, akampa mkanda.

Akaufunga. Mabega yakatulia kwa mazoea ya ndoo. Akachora nane. Mkanda ukalia. Hofu ilikuwa imemkaba pumzi, na pumzi ilipomrudia ilirudi polepole, ikashuka kama maji kwenye mfereji. Tumbo likalegea. Likapanda chini ya kifua, likateremka mpaka kitovuni, likapotea. Kisha tena. Kristiana akajisikia mtamu mwili mzima, akasahau alipo.

Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Mtoto akaanza kulia.

"Kuna kitu ndani yake!" Margareth akasema. "Tazameni, kinatembea!"

Kiberiti kikafunguliwa. Hapo ndipo Kristiana alipoelewa. Akicheza vibaya, mkanda si wa ngoma. Akicheza vizuri, tumbo lina kitu.

"Kitu gani?" bibi Mariana akauliza kutoka kwenye kinu, kwa sauti ya kuchoka. "Huyo hata ulezi hajui kupeta, uchawi atauwezea wapi? Kala maharage yangu sufuria nzima jana, msimsogelee sana."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Kristiana akaidaka hiyo kamba. Alibana pumzi, akaliua wimbi, akarusha makalio kulia na kushoto kama bata aliyekanyaga moto, akajikwaa kwenye kanga, akaanguka matako chini juu ya ulezi. Uani kote wakacheka. Flavian, mfiwa wa ng'ombe watatu, alicheka mpaka akashika ukuta. Evaristi akatia kiberiti mfukoni.

Wakaondoka kwenda nyumba ya pili. Abel alibaki nyuma. Akachuchumaa, akamfungua mkanda mwenyewe, akapukuta punje, akautia mkobani.

"Umeangukia penye ulezi, mama," akasema taratibu, ili mtu mwingine asisikie. "Mawe yote haya uani, ukapata penye laini. Anayeanguka kweli hachagui." Akainuka. "Tutapita tena baada ya mavuno."

Kristiana akabaki amepiga magoti, anazoa ulezi na mchanga, amebana pumzi kama mwizi nyuma ya mlango. Lakini pumzi haibanwi siku nzima. Alipoiachia, chini ya kanga lile wimbi likapita, polepole, bila kuitwa.

Bibi Mariana aliliona. Hakutania safari hii. Akauangalia mlango, akaangalia ukuta wa Justa.

"Kuanzia leo," akasema, "mlango wa nyumba hii haufungwi mchana. Na wewe, mwanangu, ujifunze kupumua kidogo kidogo."