Dagu ya Bonde la Kijani

"Inua mkia, Gaas! Au simu yako ndiyo itamwinua?"

Gaas akaushika mkia. Humed akatia bega ubavuni. Ng'ombe akanyanyua matako, akatetemeka, akalala tena. Midomo yake ilikuwa imevimba kwa miiba.

Mbele yao bonde lilikuwa kijani kweli, kama kwenye picha ya setilaiti. Ila hapakuwa na jani la kulisha hata mbuzi. Ulikuwa ule mti wa Dergi tu, ulioletwa na ile serikali ya zamani ya kijeshi, wa miiba, umefungamana mpaka mtoni, na chini yake udongo mtupu.

"Ami, setilaiti haidanganyi. Inapima ukijani."

"Ng'ombe wangu hali ukijani."

Huko mjini Semera, Gaas anakosomea picha hizo mezani, mtu husema "nimeona" na kazi ikaendelea. Kwa Waafar neno hilo ni zito. Kijana alipofika kambini, wazee walichuchumaa naye wakamtaka dagu, habari za njiani, kama atakwavyo kila anayefika. Akasema, "Nimeona malisho bonde la Awash." Hakuna aliyeuliza ameonaje. Anayesema ameona, amekanyaga. Humed akaswaga kundi lake lote. Sasa alibaki na huyu mmoja.

"Ungesema umeona picha, ningekucheka nikabaki kwangu."

"Sikudanganya, ami."

"Basi ingia humo, ule ushibe."

Vumbi likatokea mashariki. Mchungaji mmoja, ng'ombe zake mbavu nje, alisimama, akachomeka fimbo, akachuchumaa kusubiri dagu.

Gaas akanong'ona, "Usinitaje. Ukinitaja, hata siku nikitangaza msiba wa baba yangu watasema naongopa."

Humed akachuchumaa mbele ya mgeni. Wakaulizana amani, watoto, mvua.

"Umeona nini?"

"Nimeona bonde la kijani. Hakuna malisho. Wangu wamekufa njiani."

"Nani aliwapa habari kuwa yapo?"

Humed alitazama mikono yake, imejaa kinyesi cha ng'ombe. Dagu haikatwi nusu.

"Gaas," akasema. "Gaas wa Hanfare, wa Utban."

Mgeni akalirudia jina taratibu, ili asilisahau njiani. Utban alikuwa baba yake Humed.

Nyuma yao, fahali wa mgeni alikuwa ameshanusa ubichi. Alikuwa akiteremka bondeni peke yake, na wengine wakaanza kumfuata.